Gemu inasema Julai, riwaya inasema Agosti: namna ya kupatanisha tarehe za kuanguka kwa Reach

Mwaka 2001, wiki mbili tu kabla ya gemu ya kwanza ya Halo kuingia sokoni, ilitoka riwaya ya Eric Nylund iitwayo The Fall of Reach. Humo, sayari ya Reach, ngome kubwa ya kijeshi ya binadamu baada ya Dunia yenyewe, inavamiwa na Covenant, muungano wa viumbe wa sayari nyingine wanaopigana na binadamu, na kuanguka ndani ya siku moja: 30 Agosti 2552. Miaka tisa baadaye, tarehe 14 Septemba 2010, kampuni ya Bungie ikatoa Halo: Reach, gemu inayosimulia anguko hilohilo. Kwenye gemu adui ameshatua tangu 24 Julai. Waliokuwa wameisoma riwaya wakajikuta wameongezewa vita vya zaidi ya mwezi mzima ambavyo kitabu chao hakikuvitaja hata kwa mstari mmoja.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kukaa chini na kulipatanisha jambo hilo kwa utaratibu: anayeandaa video ya maelezo, anayehariri kurasa za mashabiki, anayeandika hadithi zake ndani ya ulimwengu ule, au anayetengeneza gemu yake na anataka riwaya iende nayo sambamba. Nimechagua Reach kwa sababu karibu kila aina ya ukinzani inapatikana pale. Njama nzima itafichuliwa, kwa hiyo kama bado hujacheza wala kusoma, hapa ndipo pa kugeuzia.

Onyo moja kabla ya kuanza. Mashabiki wengi huanza na jibu. Utasikia, "Ah, idara ya ujasusi ilificha habari," na mjadala umefungwa. Huenda jibu hilo ni zuri, ila hujui linajibu nini mpaka uwe umeyaweka maswali mezani.

Hatua ya kwanza: jua umeshika toleo lipi

Riwaya ya 2001 ilichapwa na Del Rey. Agosti 2010, mwezi mmoja kabla ya gemu kutoka, Tor waliichapa upya ikiwa na masahihisho na kurasa za nyongeza. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha, kila mmoja na kitabu chake mkononi, na wote wawili wakawa wanasoma sawasawa. Andika juu ya daftari lako jina la mchapishaji na mwaka, kisha usichanganye matoleo mawili ndani ya safu moja.

Upande wa gemu kuna kitu ambacho wengi hawajakiona kwa macho yao: shajara ya Dkt. Catherine Halsey, mwanasayansi wa hadithi aliyeanzisha programu ya askari wa Spartan, kijitabu kilichofungwa pamoja na matoleo maalumu ya Halo: Reach. Mtu aliyenunua diski ya kawaida, au aliyekuja kuicheza gemu kwenye kompyuta baada ya kuingizwa katika Master Chief Collection mwaka 2019, hakukipata. Nacho ni chanzo rasmi, kilichoandikwa mahsusi kusindikiza gemu.

Ensaiklopidia ziweke mwisho. Ile ya 2009 iliyochapwa na DK inajulikana kwa makosa mengi. Ya 2022 kutoka Dark Horse ni bora zaidi, lakini hata hiyo ni kazi ya mtu mwingine aliyefanya kazi hii unayotaka kuifanya wewe. Ukianza nayo utarithi maamuzi yake bila kujua ni maamuzi.

Hatua ya pili: andika safu mbili, usipatanishe chochote

Chora jedwali. Safu za kawaida ni tarehe, saa, mahali, waliokuwepo, kilichotokea na chanzo. Ongeza safu moja ambayo karibu kila mtu huisahau: nani anajua. Iache wazi kwa sasa.

Saa ziandike kwa mtindo wa kijeshi wa tarakimu nne kama zilivyo kwenye vyanzo. Ukianza kugeuza 2000 kuwa saa mbili usiku, na 0500 kuwa saa kumi na moja alfajiri, siku moja utateleza kwa saa sita na kugundua "ukinzani" ulioutengeneza mwenyewe.

Gemu ni rahisi kuichambua, kwa sababu kila misheni inaanza na tarehe kwenye kioo:

24 Julai: Winter Contingency. Kikosi cha Noble, cha askari maalumu wa Spartan ambao mchezaji ni mmoja wao, kinatumwa kuangalia kituo cha mawasiliano cha Visegrad kilichonyamaza, na kinawakuta Covenant.
26 Julai: ONI: Sword Base, kambi ya idara ya ujasusi.
11 Agosti: Nightfall.
12 Agosti: Tip of the Spear.
14 Agosti: Long Night of Solace. Jorge, mmoja wa Noble, anakufa akiangamiza manowari kubwa ya adui, na muda huohuo kundi la meli nyingine linatokea.
23 Agosti: Exodus na New Alexandria. Raia wanahamishwa kutoka mji wa New Alexandria.
29 Agosti: The Package.
30 Agosti: The Pillar of Autumn, na saa 2000 siku hiyohiyo, Lone Wolf.

Riwaya inataka uvumilivu zaidi. Tarehe zimo kwenye vichwa vya sura, lakini sura zinaruka kutoka meli hadi meli na kutoka mwaka hadi mwaka. Kwa kazi yetu, chukua haya. Tarehe 17 na 18 Julai 2552 panapiganwa vita vya Sigma Octanus IV, ambako Jacob Keyes anaongoza meli ya Iroquois. Iroquois inarudi Reach ikiwa imebandikwa kifaa cha adui cha kufuatilia, bila mtu kujua. Mwishoni mwa Agosti wanajeshi wa Spartan wanaitwa Reach na kupewa operesheni ya RED FLAG: wakamteke mmoja wa viongozi wa Covenant ili binadamu wawe na cha kujadiliana nacho. Tarehe 29 Agosti John-117, yule anayeitwa Master Chief, shujaa mkuu wa gemu za Halo, anajaribu deraya mpya akiwa na Cortana, akili unde iliyotengenezwa na Halsey. Tarehe 30, meli ya Pillar of Autumn, ambayo sasa inaongozwa na Keyes, ikiwa njiani kutoka, inaitwa irudi, na ndani ya saa chache za alfajiri Reach imekwisha.

Hatua ya tatu: tafuta nanga

Nanga ni tarehe ambayo vyanzo vyote viwili vinaiheshimu, au ambayo ukiisogeza utabomoa vitabu na gemu nyingine tatu. Weka nyota pembeni yake na usiiguse tena.

Hapa kuna nanga nne. Ya kwanza ni 18 Julai, mwisho wa vita vya Sigma Octanus. Ya pili ni 30 Agosti, na hapa Bungie wanastahili sifa wasiyopewa mara nyingi: pamoja na yote waliyoyageuza, walihakikisha gemu yao inaishia siku ileile ambayo riwaya inaishia. Ya tatu ni 19 Septemba, Pillar of Autumn inapofika kwenye Halo, pete kubwa ya kale iliyo angani; siku ishirini za safari zinazobaki katikati wala gemu haikuzigusa. Ya nne inatuhusu kwa karibu kidogo: 20 Oktoba 2552, Covenant wanapovamia Mombasa Mpya. Ndiyo, ni Mombasa hii ya kwetu, ikiwa na mnara wa kupandia angani. Halo 2 inapiga vita mitaani mwake, na Halo 3: ODST ya 2009 ina stesheni ya Kikowani, bustani ya Kilindini na barabara ya Kizingo. Halo 3 inakwenda mpaka Voi. Master Chief lazima awe amesharudi Dunia kabla ya siku ile, kwa hiyo huna uhuru wa kuyasukuma mambo ya Reach mbele hata kama ungependa.

Ukishaziweka nanga, tatizo linapungua ghafla. Mwanzo wake umeshikwa na mwisho wake umeshikwa. Kinachogombaniwa ni wiki sita za katikati.

Hatua ya nne: tenga kimya na ukinzani

Pitia kila mstari wa gemu usio na mwenzake kwenye riwaya, na uulize: riwaya inakataa, au imenyamaza tu?

Kikosi cha Noble hakimo kwenye riwaya. Hicho ni kimya. Wenzake Jorge ni Spartan wa kizazi cha tatu, programu ya siri ambayo wasomaji waliijua kwa mara ya kwanza mwaka 2006 kupitia riwaya nyingine ya Nylund, Ghosts of Onyx. Kitabu cha 2001 hakikuweza kuwataja watu ambao hawakuwa wamebuniwa, na ndani ya hadithi yenyewe, askari wa siri kutotajwa ni jambo la kutarajiwa. Visegrad haimo, vita vya 12 Agosti havimo. Kimya. Pitisha haraka, usipoteze mchana wako hapo.

Aina ya pili inayodanganya macho ni vyanzo viwili vya jambo moja. Autumn ilijuaje pa kwenda? Riwaya inasema Cortana aliisoma ramani ya nyota kwenye mwamba wa kale uliotoka Sigma Octanus. Gemu inasema kuna maarifa ya kale yaliyochimbuliwa chini ya Sword Base, ndiyo anayoyabeba Noble Six, askari anayechezeshwa na mchezaji. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja: dalili mbili, mahesabu mamoja. Kwenye daftari andika "jumlisha" na uendelee.

Na mara moja moja utaokota zawadi. Kifaa kile cha kufuatilia kilichobandikwa Iroquois kilikuwa, katika riwaya, sababu ya Covenant kuipata Reach. Vita vya Sigma Octanus vimekwisha 18 Julai; kundi la kwanza linatua Visegrad 24 Julai. Siku sita. Ukitazama upande huu, tarehe ya gemu inaipa riwaya nguvu zaidi, maana haileti maana kwamba Covenant wapewe njia ya kwenda kwenye ngome kuu ya adui halafu wakae wiki sita kabla ya kutuma hata mpelelezi mmoja.

Hatua ya tano: mtu mmoja, mahali pawili

Sasa kazi yenyewe. Chukua kila jina linaloonekana pande zote mbili na ufuate nyayo zake peke yake, siku kwa siku. Majina yanayobana ni matatu: Halsey, Cortana, na meli ya Pillar of Autumn. Meli ihesabu kama mtu. Nayo haiwezi kuwa mahali pawili.

Halsey. Tarehe 29 Agosti riwaya inamhusisha na jaribio la deraya katika eneo la kijeshi la Reach. Tarehe hiyohiyo gemu inamweka ndani ya maabara chini ya Sword Base. Inabana, lakini siku ina saa ishirini na nne na sayari hii ina ndege. Tena gemu inatoka humo kwa adabu: mwishoni mwa The Package, Halsey anaondoka na Jun, mwenzake Six, kuelekea Castle Base, kituo kingine cha ujasusi. Riwaya ya First Strike ya 2003, ya Nylund pia, iliyoandikwa miaka saba kabla ya gemu, inamkuta Halsey Castle Base. Mtu fulani pale Bungie aliketi na kitabu hicho mkononi.

Cortana. Yuko na Master Chief tarehe 29, na yuko mikononi mwa Noble Six tarehe 29 na 30. Maelezo yanayokubalika ni kwamba Six anabeba kipande cha Cortana kilichotengwa kufanya kazi ya yale maarifa ya kale, na kipande hicho kinarudi kuungana na mwenyewe melini. Angalia kwa nini lazima kiwe kipande na si nakala. Katika First Strike, Cortana kujinakili ni jambo jipya, mbinu aliyoipata kwa akili unde ya Covenant baada ya Halo kulipuka. Ukisema alishajinakili Agosti, umeziba shimo moja na kutoboa jingine kwenye kitabu kinachofuata. Ndiyo maana kila jibu unalolipata hapa lipeleke mbele kitabu kimoja na urudishe nyuma kitabu kimoja kabla ya kuliandika kwa wino.

Pillar of Autumn. Hii ndiyo inayouma. Kwenye riwaya meli iko angani, inarudi vitani, inampokea Master Chief kutoka kituo cha obiti, na inaruka kwenda zake. Kwenye gemu iko ardhini, kwenye karakana ya meli ya Aszod, na inapaa huku Six akiilinda kwa mzinga.

Usikate tamaa upesi. Tafuta ushahidi mdogo. Katika filamu fupi ya mwisho wa misheni ile, ukizungusha kamera ndani ya meli utamwona Master Chief amelala kwenye kapsuli yake ya usingizi. Wengi waliichukulia kama peremende ya kuwafurahisha mashabiki. Kwa mpangaji wa tarehe ni ushahidi mzito: kama Chief ameshalala kabla meli haijapaa kutoka Aszod, basi pambano lake la kituo cha obiti limeshatokea. Mpangilio unakuwa hivi: vita vya angani alfajiri, Chief anarudi melini, meli inashuka Aszod, Keyes anapokea mzigo, meli inapaa na kuruka. Matukio yote ya riwaya yanabaki. Kinachovunjika ni upesi wake tu, kwa sababu riwaya inamwonyesha Keyes akiondoka moja kwa moja, na sisi tumeingiza mteremko wa kwenda ardhini katikati.

Hiyo ni gharama, na ni kubwa. Kamanda aliyetoka kwenye tundu la sindano anarudisha meli yake chini, mbele ya adui, kwa ajili ya kifurushi. Ukiamini kwamba kifurushi kile kina thamani ambayo Halsey anaisema, unaweza kumeza. Mimi nameza, kwa taabu.

Hatua ya sita: jaza safu ya "nani anajua"

Ukirekebisha mahali na saa tu utapata ratiba safi na hadithi ya wajinga. Jambo lililowaudhi wasomaji wa riwaya mwaka 2010 halikuwa hesabu ya siku. Walichokosa ni mshtuko. Riwaya nzima inajengwa ili 30 Agosti iwe pigo la ghafla: binadamu wako nyumbani, wanapanga shambulio lao kubwa, na adui anatokea mlangoni. Gemu inasema adui alikuwa sebuleni tangu Julai.

Kwa hiyo rudi kwenye jedwali na mbele ya kila tukio andika nani alijua, na tangu lini. Hapo utaona kwamba wiki sita zile ni vipindi viwili vyenye tabia tofauti kabisa.

Kuanzia 24 Julai hadi 11 Agosti mambo yanafichika. Kituo kimoja cha mawasiliano, kambi moja ya ujasusi, doria za usiku. Idara ya ujasusi ya ONI katika ulimwengu ule ina rekodi ndefu ya kuficha, na Noble ni watu wa siri. Hapa lile jibu la mashabiki linafaa kabisa, na halina gharama.

Kuanzia 14 Agosti halifai tena. Manowari kubwa kupita kiasi imelipuka juu ya sayari na meli nyingine nyingi zimejitokeza. Tarehe 23, New Alexandria inachomwa huku raia wakikimbia. Halafu unataka niamini kwamba siku chache baadaye, kwenye sayari hiyohiyo, makamanda wanawapa Spartan maelekezo ya RED FLAG bila mtu kuuliza kuhusu moshi? Ni sawa na kusema Likoni inaungua, na watu wa Kizingo, ng'ambo tu ya maji, wanafanya mazoezi ya gwaride.

Njia ninayoipendekeza ni kuacha kutetea siri na kubadilisha kilichowashtua watu. Baada ya 14 Agosti, wote wanajua kuna vita Reach. Wasichojua ni ukubwa wa kinachokuja. Riwaya inahesabu zaidi ya meli 300 zilizotokea tarehe 30, na Reach ilikuwa na mizinga ya obiti ambayo makamanda waliiamini kuweza kusimamisha karibu chochote. Yale ya Agosti katikati yawe wimbi la kwanza ambalo makao makuu yalidhani yatalimudu. Ya tarehe 30 yawe wimbi lililovunja hesabu zote. Ukisoma hivyo, RED FLAG inapata haraka iliyokuwa imeikosa: mpango wa kumteka kiongozi wa adui wakati nyumba imeshaanza kuwaka unaeleweka kuliko mpango uleule wakati wa utulivu.

Gharama yake? Baadhi ya sentensi za riwaya ya 2001 zinabidi zisomwe kama za msimulizi aliyeacha kusema, si za watu wasiojua. Mazungumzo mawili matatu hayapindiki hata hivyo. Hayo yaweke kando; tutayarudia.

Hatua ya saba: pima dawa kwa bei yake

Kwa ujumla kuna dawa tano: kujumlisha, kugawa mtu au muda, kumfanya msimulizi awe hajui au hasemi, kusogeza tarehe, na kuamua tu kwamba chanzo kimoja kinashinda. Ziko kwa mpangilio wa bei, kutoka rahisi kwenda ghali. Anza juu, shuka inapobidi tu.

Dawa ya mwisho ndiyo inayopendwa na wamiliki wa hadithi: gemu ikigongana na kitabu, gemu inashinda. Kwa Halo, hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kawaida, na kibiashara inaeleweka, kwa sababu wachezaji ni wengi kuliko wasomaji. Itumie kama mwamuzi wa mwisho pale vyote vingine vimeshindikana. Ukianza nayo utaitupa riwaya iliyozaa nusu ya ulimwengu wenyewe, kuanzia jina la John mpaka watoto 75 waliochukuliwa kufanywa Spartan.

Kuna dawa ya sita ambayo hadithi za kisayansi peke yake ndizo zinazoruhusiwa, nayo ni kuupinda wakati wenyewe. First Strike ilifanya hivyo. Halo inalipuka 22 Septemba, kisha Master Chief anasafiri kurudi Reach na kukuta tarehe ni ya mapema Septemba, kwa sababu ya jiwe la kale linalovuruga muda na anga. Nylund alihitaji waliobaki Reach wawe bado hai Chief anapofika, na jiwe likampa nafasi hiyo. Ilifanya kazi, na imewaacha wasomaji na vichwa vya sura vyenye tarehe zilizosahihishwa ndani ya hadithi yenyewe. Kama wewe ni mwandishi, usiiguse dawa hii kwa ajili ya kurekebisha tarehe tu. Jiwe likishakuwepo, kila msomaji atauliza kwa nini halikutumika kuokoa kila mtu mwingine.

Na kama vyanzo vimetofautiana mpaka havina cha kushikana, tenga. Tamthilia ya televisheni ya Halo iliyoanza 2022 iliwekwa na wenyewe katika mkondo wake, Silver Timeline, na Reach yake inaanguka kivyake. Usiingize hata mstari wake mmoja kwenye jedwali lako.

Hatua ya nane: andika maelezo ambayo mwingine anaweza kuyakagua

Kila mstari uliopatanishwa uwe na vitu vinne: vyanzo vinasemaje, dawa gani imetumika, gharama ni nini, na uhakika wako ni wa kiasi gani. Tenganisha kwa ukali kilichosemwa na chanzo rasmi na ulichokikisia wewe. Kwenye kurasa za mashabiki makisio yakikaa miaka mitatu bila alama yanageuka ukweli. Mfano wa maandishi:

"Pillar of Autumn, 30 Agosti 2552. Riwaya (2001): meli iko angani, inaruka mara baada ya kumpokea John-117. Gemu (2010): meli inapaa kutoka Aszod. Pendekezo: meli ilishuka Aszod baada ya pambano la obiti, John-117 anaonekana amelala melini kabla ya kupaa. Gharama: riwaya haina nafasi ya kushuka huko. Uhakika: wa kati, ni kisio la mwandishi wa jedwali."

Yale mazungumzo mawili matatu yasiyopindika nayo yape mstari wake, na kwenye sehemu ya dawa andika "haijapatanishwa". Usilijaze pengo hilo kwa sababu tu linakukera. Toleo jipya la riwaya likitoka, au gemu ya zamani ikitengenezwa upya, utaanzia kwenye mistari hiyo, na mingine yote utakuwa na kazi ya kuikagua tarehe na chanzo tu.